Kabla ya kumwaga slabu, soma kwanza ile herufi ndogo pembeni mwa mchoro

KIJANA, hebu fungua simu yako uangalie yale mafaili ya CV. Kuna “CV mpya”, kuna “CV mpya final”, halafu kuna “CV final kabisa 2”. Ukiulizwa ni gani uliyomtumia mwajiri wiki jana, utakuna kichwa. Lakini hasara yake ni ndogo. Utaomba radhi, utatuma nyingine, maisha yataendelea.

Sasa chukua vurugu hiyo hiyo uipeleke kwenye mjengo wa orofa sita. Mhandisi ana mchoro wa boriti yenye vyuma vinne. Foremani ana ule wa mwezi uliopita wenye vyuma vitatu. Fundi wa vyuma naye ana picha aliyotumiwa kwa WhatsApp, na hakumbuki ilitoka kwa nani. Michoro yote mitatu ina kichwa kimoja na nambari moja. Slabu ikishamwagwa, hapo hakuna cha kuomba radhi.

Ndiyo maana kila mchoro wa kihandisi huwekwa alama ndogo, herufi au tarakimu, inayosema huu ni mchoro wa toleo gani. Kwenye saiti na ofisini wengi huiita “rev” tu. Ni kitu cha ukubwa wa ukucha na ni rahisi kuipita bila kuiona. Lakini kuna watu walioendelea kufa barabarani, na wachunguzi wakahangaika miaka mingi, kwa sababu kitu kilibadilishwa na alama yake ikaachwa vile vile.

Swichi iliyobadilika kimyakimya

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilianza kutumia swichi fulani ya kuwashia gari, ile unayoingiza ufunguo ukazungusha. Ilifungwa kwenye magari madogo kama Saturn Ion, na baadaye Chevrolet Cobalt.

Swichi hiyo ilikuwa imelegea kupita kiasi. Vipimo vya kampuni yenyewe vilitaka ufunguo uzungushwe kwa nguvu ya kati ya newton-sentimita 15 na 25, lakini swichi zilizotoka kiwandani hazikufika hapo. Goti la dereva likigusa ufunguo, au gari likirushwa na shimo huku ufunguo umebeba rundo la funguo nyingine, swichi ingeweza kuteleza yenyewe. Injini inazimika gari likiwa mbioni, usukani unakuwa mzito na, baya zaidi, mifuko ya hewa ya kuwakinga waliomo haifunguki ajali ikitokea.

Aprili 2006, mhandisi aliyesimamia swichi hiyo aliidhinisha mabadiliko. Kijiti kidogo cha ndani na springi yake vilibadilishwa ili swichi ikaze zaidi. Mpaka hapo mambo ni shwari. Shida ni kwamba nambari ya kipuri haikubadilishwa. Swichi ya zamani iliyolegea na ile mpya iliyokaza zikawa zinaitwa jina moja, na kwenye rekodi zikaonekana ni kitu kimoja.

Miaka ikapita. Wachunguzi wa ndani ya kampuni waliona kwamba magari ya miaka ya kwanza yalikuwa na shida ya mifuko ya hewa, ilhali yale ya baadaye yalikuwa sawa. Wakatafuta kilichobadilika. Rekodi zikawaambia swichi ni ile ile, hivyo wakaendelea kutafuta kwingine.

Kitendawili kiliteguliwa nje ya kampuni. Familia ya mwanamke kijana aliyefariki katika ajali jimboni Georgia mnamo 2010 ilienda kortini, na wakili wao akakodi mhandisi. Huyo alifanya jambo ambalo hata fundi wa Grogan angelifanya: alichukua swichi ya gari lililoanguka, akanunua mpya yenye nambari ile ile, akazifungua zote mbili na kuzilinganisha. Kijiti cha moja kilikuwa kirefu kuliko cha nyingine kwa chini ya milimita 2. Aprili 2013, ushahidi huo uliwekwa mbele ya mhandisi wa General Motors akihojiwa chini ya kiapo.

Kampuni ilianza kuyaita magari yarudi Februari 2014, na hesabu ikafika takribani magari milioni 2.6. Hazina ya fidia iliyoundwa baadaye ilikubali madai ya vifo 124 na majeruhi 275. Mnamo 2015, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai na serikali ya Marekani.

Tuelewane hapa. Nambari mpya haingeigeuza swichi mbovu kuwa nzima. Lakini ingemwonyesha kila mchunguzi mahali pa kuangalia, miaka kadhaa mapema, kabla ya familia nyingine kuzika.

Kona ya chini kulia

Chukua mchoro wowote wa kihandisi, uwe wa jengo, wa daraja au wa kipuri cha mashine. Kwenye kona ya chini upande wa kulia utaona kisanduku chenye jina la mradi, skeli, tarehe, aliyechora, aliyekagua na aliyeidhinisha. Humo ndimo mnamokaa nambari ya mchoro, na karibu yake, rev.

Hivi ni vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Tuseme mchoro umeandikwa S-104, Rev B. Kama mchoro ungekuwa mtu, S-104 ni nambari yake ya kitambulisho na B ni umri wake. Nambari ya kitambulisho haibadiliki. Umri husonga mbele tu, haurudi nyuma.

Hilo la kutorudi nyuma ni muhimu. Tuseme Rev C ilihamisha mlango, kisha mwenye nyumba akabadili nia, anautaka pale ulipokuwa kwenye Rev B. Hutoi tena Rev B. Unatoa Rev D ambayo mlango wake uko pale pale ulipokuwa kwenye B. Ukirudia B, kesho kutakuwa na watu wawili wenye karatasi za Rev B, mmoja akiwa na ya kabla ya mabishano na mwingine ya baada, na hakuna anayeweza kuthibitisha yake ndiyo inayofuatwa.

Juu ya kisanduku hicho, au pembeni yake, huwa kuna jedwali dogo. Kila mstari wake ni toleo moja: herufi yake, kilichobadilika, tarehe, na sahihi ya aliyekubali. Mchoraji aliye makini hataandika “marekebisho mbalimbali” kwenye jedwali hilo. Ataandika “boriti B3: vyuma vya chini kutoka vitatu hadi vinne”. Ndani ya mchoro wenyewe, sehemu iliyoguswa huzungushiwa mstari wa mawimbi unaofanana na wingu, na kando yake huwekwa pembetatu yenye herufi ya toleo. Ukiona wingu, simama hapo. Hapo ndipo kazi uliyoizoea imebadilika.

Kwa nini huoni I wala O?

Wamarekani wana kanuni iliyoandikwa kabisa kuhusu jambo hili, inayoitwa ASME Y14.35. Inasema mchoro ukitolewa mara ya kwanza huwekewa kistari tu. Marekebisho ya kwanza ni A, ya pili ni B, na kuendelea. Lakini kuna herufi sita ambazo hazitumiki kamwe: I, O, Q, S, X na Z.

Sababu si ushirikina. Waza karatasi iliyokaa saiti wiki tatu, imekunjwa mara nane, imemwagikiwa chai, halafu ikatolewa fotokopi ya fotokopi. I inakuwa 1. O na Q zinakuwa 0. S inakuwa 5, Z inakuwa 2. Kanuni iliona ni heri kubaki na herufi 20 zinazosomeka kuliko 26 za kubahatisha. Zikiisha, yaani ukifika Y, unaanza AA, kisha AB.

Mtu akikuletea mchoro wenye Rev O, basi, muulize kwa upole: hiyo ni herufi au ni sufuri? Jibu lake litakuambia mengi kuhusu ofisi iliyouchora.

Kila nyumba na mila zake

Sasa tunafika mahali ambapo wengi huangukia pua. Hakuna mfumo mmoja wa dunia nzima.

Kwenye miradi mikubwa ya viwanda, kama ya mafuta au umeme, ofisi nyingi hutumia herufi wakati mchoro bado unajadiliwa: Rev A, B, C. Siku mchoro unapoidhinishwa utumike kujenga, herufi huachwa na tarakimu huanza: Rev 0. Marekebisho yakija baadaye yanakuwa 1, 2, 3. Yaani hapo, 0 ni mpya kuliko C. Mgeni asiyejua ataona sufuri, aseme huu ndio wa kitambo zaidi, autupe. Ametupa mchoro pekee ulioruhusiwa kujengewa.

Uingereza nayo ina mfumo wake, ambao utakutana nao kwenye miradi inayofuata kanuni za ISO 19650 kwa mtindo wa Waingereza. Matoleo ya awali huanza na P: P01, P02, P03. Yale ya mkataba, yaliyo tayari kwa kazi, huanza na C: C01, C02. Kompyuta ikiyapanga mafaili kwa alfabeti, P07 itakaa chini ya C01, na saba ni kubwa kuliko moja, kwa hivyo akili inakuambia P07 ndiyo ya juzi. Sivyo. C01 imekuja baada yake.

Halafu kuna viwanda vinavyofanya kinyume cha wale wa mafuta: tarakimu kwa majaribio, herufi kwa bidhaa inayotengenezwa rasmi. Rev A ya ofisi moja inaweza kuwa rasimu ya kukosolewa, na Rev A ya jirani ikawa tayari kwa kiwanda.

Hakuna mfumo hapa ulio mbaya. Kilicho hatari ni kudhani uliofundishwa chuoni ndio wa kila mahali. Siku ya kwanza kazini, kabla hata ya kuuliza chai inaletwa saa ngapi, uliza: hapa tunatumia mfumo gani wa rev, na ni alama ipi inayosema mchoro huu ni wa kujengea?

Kuna jambo la hapa nyumbani pia. Michoro inayopelekwa kaunti ili iidhinishwe hugongwa muhuri. Muhuri huo ni wa toleo lile lililopelekwa. Ofisi ikitoa toleo jipya mwezi ujao, muhuri haurukii karatasi mpya wenyewe. Ukisikia mtu akisema “hii plani ilishapitishwa”, muulize ni rev gani iliyopitishwa.

Lini rev, lini nambari mpya?

Hili ndilo swali ambalo General Motors ilikosea kulijibu, na jibu lake si gumu. Jiulize: nikichukua kipuri kipya nikakifunga palipokuwa na cha zamani, bila mtu kuambiwa, kila kitu kitaenda sawa? Na nikichukua cha zamani nikakifunga palipopaswa kipya, je? Kama jibu ni ndiyo kwa yote mawili, panda rev tu. Kama jibu ni hapana hata kwa moja, hicho ni kitu kingine. Kipe nambari mpya.

Wahandisi huangalia mambo matatu: umbo lake, namna kinavyotoshea, na kazi kinayofanya. Mfano wa jua kali: unatengeneza bawaba za mageti kwa kufuata mchoro. Ukirekebisha tahajia kwenye maelezo, au ukiongeza kipimo kilichosahaulika bila kuigusa bawaba yenyewe, hiyo ni rev mpya. Lakini ukipanua tundu la bolti kutoka milimita 10 hadi 12, mteja aliyenunua bolti za 10 atabaki na geti linalocheza. Hiyo ni bawaba nyingine, iite kwa nambari nyingine, na uiweke kwenye ndoo tofauti.

Swichi ya 2006 ilifanana na ya zamani, ilitoshea palipokuwa na ya zamani, lakini kazi yake haikuwa ile ile. Moja ilishikilia ufunguo, nyingine iliuacha uteleze. Kufunga ya zamani badala ya mpya hakukuwa salama. Hilo pekee lilitosha kudai nambari mpya.

Toleo jipya, hesabu mpya

Usidhani basi kwamba kupandisha herufi kunamaliza kazi. Rev ni taarifa kwamba kuna mtu amebadilisha kitu, na sahihi iliyo kando yake ni ahadi kwamba mwingine amekagua. Ahadi hiyo ikiwa hewa, herufi haina maana.

Mnamo Julai 17, 1981, kwenye hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vilivyoning’inia juu ya ukumbi vilianguka wakati watu wamejaa wakicheza dansi. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Hoteli ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Muundo wa kwanza ulikuwa na fito ndefu za chuma zinazoshuka kutoka darini, zikipita kwenye kijia cha orofa ya nne hadi kile cha orofa ya pili kilichokuwa chini yake. Kila kijia kilikaa juu ya nati zake kwenye fito hizo. Wakati wa kutengeneza vyuma, wazo likatolewa: badala ya ufito mmoja mrefu, tutumie viwili vifupi. Kimoja kishike kijia cha juu kutoka darini, na kingine kining’inize kijia cha chini kutoka kwenye boriti za kile cha juu.

Kwenye karatasi ni badiliko dogo, mstari mmoja umekuwa miwili. Lakini fikiria watu wawili wakining’inia kwenye kamba moja, kila mtu akijishikilia mwenyewe. Sasa mwambie wa chini aiachie kamba ashike miguu ya mwenzake. Kamba haijaongezewa uzito wowote, ila mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Ndivyo nati za kijia cha juu zilivyoongezewa mzigo maradufu. Michoro ya karakana ikarudi na muhuri wa wahandisi, na hakuna aliyeifanyia hesabu upya sehemu hiyo. Uchunguzi ulionyesha kuwa hata muundo wa kwanza haukutimiza matakwa ya sheria ya ujenzi ya mji huo. Badiliko likafanya kibaya kuwa kibaya zaidi. Wahandisi wawili walipokonywa leseni zao jimboni Missouri.

Kwa hivyo ukipewa Rev C mkononi, kuna maswali mawili. Nini kimebadilika? Na nani amepiga hesabu upya baada ya kubadilika?

WhatsApp imeingia saiti

Zamani, mdhibiti wa michoro alikuwa akizunguka saiti anakusanya karatasi za zamani, anazigonga muhuri wa kuonyesha zimepitwa na wakati, kisha anagawa mpya. Siku hizi mchoro unatembea kwa simu, na hapo ndipo vijana tunapobeba lawama.

Fundi anataka kujua nafasi kati ya vyuma. Unapiga picha ile sehemu ya boriti, unaivuta karibu ili isomeke, unatuma. Picha ni safi, vipimo vinaonekana. Lakini umekata kona ya chini kulia. Umetuma vipimo visivyo na nambari, visivyo na rev, visivyo na tarehe. Wiki mbili baadaye toleo jipya linatoka, na ile picha bado iko kwenye simu ya fundi, inang’aa kama ya leo. Hakuna mtu atakayeenda kuigonga muhuri.

Dawa yake haihitaji programu ya bei ghali. Piga picha mbili: sehemu inayotakiwa, na kile kisanduku cha pembeni. Andika chini yake “S-104 Rev C, ya tarehe fulani”. Toleo jipya likija, tuma ujumbe kwenye kundi: “S-104 Rev C imepitwa. Tumieni Rev D. Kilichobadilika ni boriti B3.” Kisha futa ile ya zamani kwa kila mtu kama bado inafutika. Kwenye ukuta wa banda la saiti, bandika orodha ya michoro yote na rev inayotumika leo. Ni karatasi moja ya A4, na mtu yeyote anayeweza kusoma anaweza kuitumia kumsimamisha bosi wake.

Kwenye kompyuta, achana na neno “final”. Faili iitwe kwa nambari na rev yake, S-104_C, na matoleo ya zamani yahamishwe folda yake badala ya kufutwa. Siku kuna mzozo wa malipo au, Mungu aepushe, ajali, matoleo hayo ndiyo yatakayoonyesha nani alijua nini na lini.

Wale wanaoandika programu za simu watasema haya tunayajua, kila programu ina nambari ya toleo. Ni kweli. Tofauti ni kwamba programu ikiharibika unatuma toleo jipya usiku na asubuhi watu wamesahau. Nguzo iliyosimamishwa kwa mchoro wa mwezi uliopita hubomolewa kwa nyundo, kwa pesa za mtu, kama itagunduliwa mapema.

Na kwa wale wanaotafuta kazi: kwenye miradi mikubwa, kudhibiti michoro na nyaraka ni kazi ya mtu mzima yenye ofisi na mshahara, na si lazima uwe mhandisi kuifanya. Inataka mtu anayeangalia kona ya karatasi kabla ya kuangalia picha iliyo katikati, na asiyeona haya kumwambia mwanakandarasi: simamisha mchanganyiko huo kwanza, hiyo uliyoshika ni Rev B.